Kaka amekifungia kitabu cha picha alichotusomea mama

Shangazi, shikamoo.

Jambo hili nimelibeba moyoni kwa muda, na nimechelewa kukuandikia kwa kuona haya. Mtu akisikia kwamba ndugu wawili wazima wamenuniana kwa ajili ya kitabu cha picha cha watoto, atadhani hatuna la kufanya.

Nina miaka 38 na ni kitinda mimba. Tuko wawili tu. Kaka yangu amenitangulia kwa miaka sita. Mama yetu alifariki mwaka jana. Vitu vyake tuligawana vizuri, kila mmoja akimsihi mwenzake achukue kilicho bora. Tulipofika kwenye vitabu mambo yakabadilika. Vingi vilikuwa vimeharibika, ila kimoja kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya khanga yake: kitabu cha picha alichokuwa akitusomea kabla ya kulala. Jalada la mbele halipo na ukurasa wa kwanza umeng'oka, hivyo hakuna anayejua jina lake wala mchoraji wake. Sisi tulikiita tu "kile cha bundi". Mama alikuwa amekiunga kwa selotepu ambayo sasa imegeuka rangi ya kahawia. Kwenye ukurasa mmoja yule bundi amechorewa miwani kwa penseli, na mchoraji wa miwani hiyo ni kaka yangu mwenyewe alipokuwa mdogo.

Kaka alikichukua kabla sijafungua mdomo. Amekitia kwenye mfuko wa plastiki na kukifungia kabatini. Niliomba aniazime nimsomee mwanangu wa miaka mitano. Akanijibu, "Watoto wa siku hizi watakichana." Nikanyamaza, lakini iliniuma.

Kuna kingine kilichoniuma zaidi, na sijui nikielezeje. Miaka yote hii nimekuwa na picha moja kichwani: msichana amesimama dirishani usiku, ameshika taa yenye mwanga wa njano, na bundi anamtazama kutoka kwenye tawi. Nikiwa na msongo, picha hiyo ndiyo hunituliza. Siku ile tukigawana vitu nilifungua ukurasa ule kwa dakika chache. Taa haipo. Msichana yupo, bundi yupo, na juu kuna mwezi mdogo mweupe. Mkono wa msichana uko mtupu. Nilimwambia kaka kwamba lazima palikuwa na taa, akacheka na kusema nilikuwa mdogo mno kukumbuka chochote. Nilihisi nimenyang'anywa kitu mara mbili kwa siku moja.

Sasa kila jioni mwanangu akiniletea kitabu chake cha matingatinga namsomea huku mawazo yako kwenye kabati la kaka. Harufu ya karatasi zile bado naisikia, tamu kidogo. Mume wangu ananielewa, lakini anasema ni kitabu tu, ninunue kingine. Ningekinunuaje na sijui hata jina lake? Je, nidai haki yangu, maana mama alikuwa wetu sote? Au ninajisumbua kwa jambo la kitoto?

Wako,
Kitinda Mimba

*

Marahaba, mwanangu. Na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Nianze na hilo neno lako, "kitoto", kwa sababu naona ndilo lililokuchelewesha kuniandikia. Hamu inayofanana na yako iliwahi kuhesabiwa kuwa maradhi hasa: mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari huko Basel, Uswisi, aliandika tasnifu nzima akieleza hamu ya nyumbani kama ugonjwa wa kutibiwa. Leo wanasaikolojia hawaioni hivyo. Mtu anayekumbuka mema ya zamani mara nyingi anatafuta mahali pa kusimama, hasa baada ya msiba, na wewe umefiwa mwaka jana tu. Sauti iliyokisoma kitabu kile imenyamaza, na kitabu ndicho kitu cha mwisho unachoweza kukishika ambacho nayo ilikishika. Lia ukitaka kulia. Hakuna utoto hapo.

Kitabu cha picha hakifanani na vitabu vingine, na tofauti hiyo ndiyo itakayonisaidia kukujibu kuhusu taa. Riwaya unaisoma peke yako. Kitabu cha picha husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akisoma chake. Mkubwa anafuata maandishi. Mdogo, ambaye herufi hazijamwambia kitu bado, anasoma picha, tena kwa umakini ambao mkubwa hana. Ndiyo maana mtoto humwonyesha mzazi panya aliyejificha chini ya kiti, panya ambaye mzazi ameshampita usiku baada ya usiku bila kumwona. Hili lilijulikana zamani. Mwaka 1658, mwalimu mmoja aliyeitwa Comenius alipochapisha huko Nuremberg kitabu chake cha kufundishia watoto, Orbis Sensualium Pictus, aliweka namba kwenye vitu vilivyochorwa na namba zilezile kando ya maneno, ili jicho la mtoto litangulie kwenye picha na neno lifuate.

Kwa hiyo ulipokuwa na miaka mitatu au minne, ukiwa umeegemea ubavu wa mama, hukuwa ukitazama ukurasa peke yake. Ulikuwa ukipokea picha, sauti, joto la mwili wake na mwanga wa chumba, vyote kwa pamoja. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu lolote la kabla ya miaka mitatu, na ya miaka michache inayofuata huja vipandevipande. Vipande hivyo hushikamana kwa namna yake. Mama alikusomea usiku, na mtu hasomi gizani. Huenda kabisa taa ilikuwepo, ila haikuwa ndani ya kitabu. Ilikuwa kando ya kitanda chenu, na akili ya mtoto ikaichukua ikampa msichana wa dirishani aishike.

Siwezi kukuthibitishia, sikuwepo. Lakini yupo aliyekuwepo. Wewe ukiwa na miaka mitatu, kaka yako alikuwa na tisa, na mtoto wa miaka tisa anakumbuka vizuri chumba alicholala. Amekucheka kwa sababu ulimuuliza kuhusu ukurasa, na kuhusu ukurasa alikuwa na hakika. Muulize kuhusu chumba. Mama alikuwa akikaa upande gani? Mwanga ulitoka wapi? Alimwigizaje bundi sauti? Duniani amebaki mtu mmoja tu anayeweza kukujibu maswali hayo, naye ndiye huyo unayetaka kumdai haki yako.

Hapo utaona kwa nini sikushauri udai. Haki unayo, sikatai. Mama alikuwa wenu sote na kitabu hakikuandikwa jina la mtu. Lakini hebu tazama hesabu za miaka. Kaka yako alisomewa kitabu hiki kabla hujazaliwa. Kwa miaka sita mama alikuwa wake peke yake, na inawezekana sana kwamba "kile cha bundi" kilikuwa chake kabla hakijawa chenu. Miwani ya penseli inaniambia alikipenda mapema, kwa namna ambayo watoto hupenda vitabu, yaani kwa kuviingilia na kuvichorachora. Mtu anayefungia kitu kabatini na hamwonyeshi yeyote mara nyingi anaomboleza. Wanaume wengi wamelelewa kuomboleza kimyakimya, na kabati ni mahali pa kimya. Haimpi ruhusa ya kukukatisha kauli, na ile ya "watoto wa siku hizi" haikuwa nzuri, hasa ikitoka kwa aliyemvika bundi miwani. Ila usimrushie miwani hiyo kama jiwe.

Nikupe kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1893 Mwingereza Beatrix Potter alimwandikia barua mtoto wa rafiki yake aliyekuwa mgonjwa. Hakuwa na habari za kumwambia, basi akamwandikia hadithi ya sungura wanne na kuichorea picha kandokando ya maneno. Miaka ikapita. Alipopata wazo la kuifanya kitabu, alimwomba yule mtoto amwazime barua, na bahati nzuri alikuwa ameitunza. Potter akainakili, wachapishaji wakamkatalia, akachapisha nakala 250 kwa fedha zake mwaka 1901, na mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kitabu ambacho hadi leo kinasomwa. Kilichonivutia katika kisa hiki ni ile kuazima. Barua ilibaki kuwa ya mtoto, na hadithi ikaenda kwa watoto wengine.

Nawe fanya vivyo hivyo. Usiombe kitabu, omba jioni moja. Nenda kwake bila mwanao, ili hoja ya kuchanwa isipate pa kuanzia, na mkifungue wawili. Msomeane kwa sauti, hata mkiona haya mwanzoni. Mwambie pia kuhusu picha ya taa na jinsi inavyokutuliza. Sidhani kama anajua. Kisha muombe ruhusa ya kupiga picha kila ukurasa, kwa mwanga wa mchana kutoka dirishani, bila fleshi, kitabu kikiwa kimelazwa na kufunguliwa kwa kiasi kinachoruhusu mgongo wake bila kulazimisha. Hizo picha zitakuwa zako, na ndizo zitakazosaidia kukitafuta kitabu.

Maana kinaweza kutafutwa. Mume wako hajakosea kusema kuna kingine. Amesahau tu kwamba kwanza lazima mkijue ni kipi. Jalada la mbele halipo, lakini la nyuma hukusema limepotea. Litazame vizuri, pamoja na mgongo: jina la mchapishaji, alama yake, namba yoyote. Mfumo wa ISBN, yaani namba ya utambulisho inayopewa kila kitabu, ulianza kuwa wa kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo mkiiona namba hiyo mmeshapata umri wa nakala yenu kwa kukadiria, na kwa namba hiyo mkutubi anaweza kukipata kitabu kwa muda mfupi. Kisha tazameni ukurasa wa mwisho kabisa. Katika vitabu vya picha, maelezo ya haki na uchapaji wakati mwingine huwekwa nyuma, ili mwanzo uachiwe picha. Pitieni pia pembe za chini za kila mchoro, kwenye majani na kwenye mawe, maana wachoraji wengine huficha saini zao humo.

Mnaweza hata kujua ni karatasi ngapi zimepotea. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi moja kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa, ikakatwa. Kama chenu kimeshonwa au kupigwa pini katikati, tafuteni uzi ulipo, mhesabu karatasi za kulia na za kushoto. Kila karatasi ya upande mmoja ina pacha wake upande wa pili. Upande wa mbele ukipungukiwa na moja, basi ni ule ukurasa wa kwanza tu uliotoka na hadithi iko salama. Ukipungukiwa na zaidi, huenda kuna picha ambazo hamjaziona tangu utotoni. Na nakuomba usikimbilie kufurahi hapo kwamba taa imo katika ukurasa uliopotea! Inawezekana, ila usijenge tumaini juu yake.

Ukienda kwa mkutubi, usimsimulie jinsi kilivyokugusa. Mpe vitu vinavyoonekana. Mweleze ukubwa wake, umbo lake kama ni mraba au mrefu, kama kila ukurasa una rangi au rangi zinapishana na nyeusi na nyeupe, wahusika ni akina nani, sentensi moja ya maandishi neno kwa neno. Hilo la rangi lina maana. Zamani, kupunguza gharama, wachapishaji wengi walitia rangi kwenye kurasa za upande mmoja tu wa karatasi ile kubwa, na wachoraji walilazimika kuandaa kila wino peke yake, tabaka juu ya tabaka, na mara nyingi wino wenyewe ulikuwa wa rangi mbili au tatu tu. Anayevijua vitabu vya watoto atakisia kipindi kwa kutazama hilo peke yake. Zipo pia maktaba zilizojitolea kwa vitabu vya watoto tu. Kubwa kuliko zote ni Internationale Jugendbibliothek (Maktaba ya Kimataifa ya Vijana) ya Munich, Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1949 kwa juhudi za Jella Lepman. Mama huyu alirudi Ujerumani baada ya vita akiamini kwamba watoto waliokulia kwenye vifusi walihitaji vitabu pamoja na chakula, akaziandikia nchi nyingine kuomba vitabu vya picha, kwa kuwa picha hazihitaji kutafsiriwa. Nakutajia ili ujue kwamba kuna watu walioyafanya haya kuwa kazi ya maisha yao, na swali lako halitawashangaza.

Ukipata nakala nyingine, jiandae. Itakuwa safi, bila miwani, bila selotepu, na huenda ikakushangaza kwa udogo wake. Rangi nazo zinaweza kuwa tofauti, kwa kuwa chapa hadi chapa wino hubadilika. Wengine hupokea nakala kama hiyo na kuhisi wameletewa mgeni. Ndiyo maana nataka nakala hiyo iwe ya mwanao, aitie alama zake mwenyewe. Ile ya zamani ibaki ilipo.

Ila isibaki kwenye plastiki. Hapa kaka yako anakosea, na ukimweleza kwa upole atakushukuru. Plastiki hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio unaoleta ukungu. Karatasi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa rojo la mti zina lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuza karatasi kuwa ya njano, huku asidi iliyomo ikiifanya ikatike kwa urahisi. Ile harufu tamu unayoikumbuka inatokana na hayo hayo: lignini ikivunjika hutoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Kwa hiyo kitabu chenu kinazeeka kweli, na hofu ya kaka si ya kubuni. Kifungwe kwa karatasi isiyo na asidi, kilazwe ndani ya boksi, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Msiongeze selotepu mpya, kwa maana gundi yake huingia ndani ya karatasi na doa lake halitoki. Ile ya zamani msiibandue wenyewe, mtachana. Na hata kama fundi wa vitabu angeweza kuiondoa bila kuchana, mimi ningeiacha, kwa sababu mama yenu aliibandika kwa mkono wake.

Limebaki suala la mwanao. Umesema unamsomea matingatinga huku mawazo yako yako kabatini. Mwanangu, hapo ndipo ningependa uamke. Mtoto wa miaka mitano anapoleta kitabu kilekile kila jioni ana kazi anayoifanya. Watafiti wa lugha ya watoto wamewahi kuonyesha kwamba mtoto hushika maneno mapya vizuri zaidi akirudiwa hadithi ileile kuliko akisomewa nyingi tofauti. Wewe unachoka kwa kuwa unasoma maandishi, na maandishi ni mafupi. Yeye bado anaisoma picha. Mwachie kidole kiongoze, muulize dereva wa tingatinga anaelekea wapi, nyamaza kidogo aongee yeye. Hujui ni ukurasa upi atakaoubeba, wala ni kitu gani cha chumba chenu atakachokiingiza humo bila wewe kujua.

Wala usimpe "kile cha bundi" kama urithi wa kuheshimiwa. Mkimpata bundi, mwekee kitabu pamoja na vingine, akichague au asikichague. Akikikataa hajamkataa bibi yake.

Kaka akikukatalia hata hiyo jioni moja, usilazimishe. Mwachie miezi, kisha muombe tena, na katikati hapo mpigie simu kwa mambo mengine ili asidhani unamtafuta kwa ajili ya kabati tu. Wakati huo andika unayoyakumbuka kuhusu kitabu, pamoja na taa, na utenge unayokumbuka kwa hakika na yale ya kuhisi. Mkilipata jina lake, niandikie. Wapo wasomaji wangu wanaotafuta vitabu vyao vya utotoni ambavyo navyo havina jalada, na huenda bundi wenu ni wa mmoja wao pia.

Shangazi